Ng'ombe wa Mheshimiwa

Kijijini kwetu, mambo yakiharibika kupita kiasi, tunanunua ng'ombe. Yakija maradhi yasiyo na dawa, au mvua ikatusahau, wazee wa mji hukaa msikitini baada ya Alasiri wakakubaliana, kisha kila nyumba ikatoa ilicho nacho, hata kama ni nazi mbili. Ananunuliwa ng'ombe dume mweusi asiye na kilema. Asubuhi anazungushwa mji mzima pamoja na mashamba yake, wanaume na watoto wakimfuata nyuma kwa kisomo, na kila pembe wanasimama mtu akaadhini. Akirudi pale alipoanzia anachinjwa, na wote walio ndani ya mzunguko ule wanakula. Hilo ndilo zinguo. Wako wanaosema ni bid'a, na hao hao ndio husogea mbele nyama ikiiva.

Mwaka wa kafyu tulifanya zinguo. Tangu siku ile, nikisikia ng'ombe analia asubuhi, uso huniiva kwa haya.

Serikali haikuiita vita. Waliiita operesheni, na redioni walisema hali imedhibitiwa. Lakini ng'ambo, upande wa bara, nyumba zilikuwa zimechomwa na wanaume wametolewa vitandani mbele ya wake zao, na sisi huku kaskazini ya kisiwa cha Pate tulikuwa tukipika huku helikopta zinapita juu ya minazi. Wale watu hatukuwataja kwa jina. Tulisema "wa msituni", tena kwa sauti ya chini, kama vile ukuta una mjomba huko. Uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku. Mtu wa kwetu ukimkataza kuvua usiku umemkataza kula, na ndivyo ilivyokuwa. Niliwaona watoto wa darasa langu la chekechea wakilala juu ya madawati saa nne za asubuhi kwa sababu hawakuwa wametia kitu tumboni. Kwa hiyo nikisema vita, nasema nilichokiona mimi.

Kaka yangu ndiye mwakilishi wa wadi. Tumetoka tumbo moja, yeye akanitangulia. Ana sauti nzuri, ana kumbukumbu ya majina ya watu, na akikuamkia unahisi wewe ndiye uliyemfikisha alipofika. Wakati ule alikuwa akijenga nyumba mjini, mtaa wa Mkomani, ya mawe, yenye mlango wa nakshi, na mimi nilikuwa nikiishi katika nyumba yetu ya urithi hapa kijijini, chini ya mabati aliyoyaezeka yeye. Wazazi wetu wamekufa. Mzee aliyekuwa amebaki kwetu ni mama mkubwa, dada yake mama, mjane asiye na mtoto, ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa upande wa kaskazini, pale minazi inapokutana na mikoko. Alikuwa na minazi, ndimu, na kisima cha maji matamu. Hapa kwetu visima vingi vina chumvi, kwa hiyo kisima kile kilikuwa na heshima yake. Na tangu enzi ya bibi zetu, ng'ombe wa zinguo akifika pale husimama, akanyweshwa maji, wanaume wakapumzika chini ya ndimu, ndipo safari ikaendelea.

Nilipokuwa mtoto nilimwona kaka yangu mwenyewe akimtekea ng'ombe maji pale. Mama mkubwa alimpa yeye kata ya kifuu na kuwafukuza watoto wengine wote, akisema wao watamwaga. Alimpenda waziwazi, bila kuficha, na sisi wengine tuliotemwa tulizoea.

Sasa, kaka alikuwa mjumbe wa kamati ya usalama. Ilikuwa haki yake, watu walimchagua awasemee. Siku moja alikuja kwa boti pamoja na maafisa, wakaitisha baraza, akasema nyumba zote za pembeni zihamie ndani ya kijiji kwa muda, maana wale watu wakivuka maji wataanzia huko. Hakuna aliyebisha. Hofu ilikuwa ya kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilala na buibui langu kando ya mto wa kulalia, tayari kukimbia.

Mama mkubwa alihamia kwangu na kuku wake, jembe, kata yake, na chetezo chake cha udongo cha kufukizia ubani. Alimsubiri kaka amalize kusalimiana na watu, kisha akamuuliza:

"Kwa muda ni hata lini, mwanangu?"

"Hata hali itulie, mama."

"Na hali ikitulia, ni nani atakayekuya kunambia?"

"Nitakuya mimi mwenyewe," akasema kaka, akambusu mkono.

Haukupita muda akaja mwekezaji.

Alikuwa mgeni wa mbali, mwembamba, mpole, amevaa kikoi na kusema "mashaallah" kwa kila kitu, mpaka kwa mbuzi. Kaka alimleta kula kwangu. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mgeni alikula kwa mkono vizuri kuliko baadhi ya wakwe zangu. Alisema anataka kujenga hoteli ndogo na gati la boti, kwa watu wanaotaka utulivu. Nikamuuliza, kwa heshima, ni utulivu gani anaoutafuta mahali penye kafyu. Akacheka. Kaka akatafsiri jibu lake: vita hupita, ardhi hubaki, na mwenye busara hununua mvua ikinyesha. Nilitaka kujua wanapanga kujenga wapi. Kaka akanyosha kidole kuelekea kaskazini, kwenye minazi, halafu akaniomba niongeze ndimu.

Mama mkubwa alikuwa jikoni. Sijui kama aliona kile kidole.

Jambo lenyewe halikuwa siri, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Ingekuwa siri ningesema hatukujua. Wifi yangu aliniambia mwenyewe, kwa furaha, tukichagua mchele barazani. Kampuni ya wenyeji iliyoshirikiana na yule mgeni ilikuwa kwa jina lake yeye.

"Na kamati inayohamisha watu je?" nikamuuliza.

"Kamati ni ya mume wangu," akasema. "Kampuni ni yangu."

Alisema kwa moyo safi kabisa, akaendelea kutupa mawe ya mchele. Nilimtazama nikajua hajaona tatizo lolote, na pengine hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha.

Nilimkabili kaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wapiga kura. Kisha akasema, "Huyu akiondoka, nani mwingine atakuja huku? Vijana wamekatazwa bahari. Unataka wapate kazi wapi, msituni?" Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Nikasema, "Basi mwambie mama mkubwa." Akasema atamwambia wakati ukifika.

Wazee wakaamua kufanya zinguo. Bara palikuwa pameshambuliwa tena, na siku ile tuliuona moshi tukiwa ufuoni. Imamu alitangaza mchango, lakini ulipokusanywa, ulikuwa wa kuliza. Nyumba zilileta kibaba cha mtama, fundo la samaki wakavu, vitu ambavyo havinunui hata mguu wa ng'ombe. Ndipo kaka akatuma ujumbe: msihangaike, ng'ombe nitaleta mimi.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa kwetu tu, mgeni hawezi kulikosea. Ng'ombe wa zinguo hawi wa mtu mmoja. Mwenye ng'ombe ndiye mwenye kamba, na mwenye kamba ndiye anayechagua ndia ya kupita. Imamu alilijua hilo. Alikaa nalo siku kadhaa, nikamwona akipita kwenda msikitini akizungumza peke yake. Mwishowe alikubali, kwa sababu watu walikuwa na njaa na yeye pia alikuwa na watoto. Nani angemlaumu? Sisi wanawake tulipiga vigelegele siku ng'ombe alipoteremshwa kwenye boti. Alikuwa mweusi tititi, mnene, anang'aa. Hatukuwahi kumwona ng'ombe wa namna ile katika zinguo. Tulimwita ng'ombe wa mheshimiwa.

Asubuhi ya zinguo mama mkubwa hakuwepo kitandani. Chetezo hakikuwepo, wala beseni langu la bati. Nilijua amekwenda wapi. Askari walikuwa wamekataza watu kufika huko, lakini alikuwa mwanamke mzee mwenye beseni kichwani, na pengine walimhurumia au hawakumwona. Alikwenda kumtekea ng'ombe maji.

Mimi nilibaki kwenye masufuria pamoja na wanawake wengine. Tukasikia kisomo kikienda upande wa mashariki, kikapotea, kisha kikarudi. Kilirudi mapema mno. Mama mmoja akainua kichwa, akasema, "Mbona wamefika?" Nikatoka mpaka penye mkwaju wa njia panda. Nikawaona wanakuja, kaka yangu mbele amevaa kanzu nyeupe, mkono kwenye kamba. Walikuwa wamekatia pale pale mkwajuni, hawakupita mashamba ya kaskazini. Adhana ya pembe ile ya mwisho iliadhiniwa chini ya mkwaju, hatua chache tu kutoka jikoni kwetu. Nilimuuliza kijana mmoja. Akasema, "Mheshimiwa amesema huko si salama."

Ng'ombe akachinjwa uwanjani. Tukapika. Nasema ukweli, nyama ilikuwa tamu, na watoto wangu wa chekechea walikula mpaka nyuso zao zikang'aa mafuta. Nilifurahi kuwaona. Ilikuwa furaha ya kweli, na chini yake kulikuwa na kitu kinachonikwaruza, lakini niliendelea kupakua.

Mama mkubwa alirudi adhuhuri imepita. Beseni lilikuwa tupu, amelimwaga. Ubani ulikuwa umekwisha kwenye chetezo. Nikamwekea sahani, nyama ya mbavu, anayoipenda. Akaitazama.

"Nyama ya zinguo huliwa na watu wa ndani ya mui," akasema. "Mimi ng'ombe hakunizunguka. Niko nde."

Nilimwambia maneno ya kipumbavu, kwamba hayuko nje ya mji, kwamba ni kwa ajili ya usalama tu, kwamba mwaka mwingine atapita. Alinisikiliza kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Sahani nikaifunika kwa kawa, na jioni nikampa jirani.

Kikao cha ardhi kilifanyika hali ilipoanza kutulia. Kaka hakuwa amekuja kumwambia mama mkubwa kwamba imetulia. Walikuja wafanyakazi na vigingi. Ndipo mama mkubwa akapeleka malalamiko, na afisa mmoja kutoka bara akaja kusikiliza katika darasa langu, watu wazima wameketi kwenye viti vya chekechea, magoti yamewafika kidevuni. Afisa alikuwa mtu mstaarabu. Mama mkubwa hakuwa na hati, na kwetu ni wachache wenye hati. Afisa akasema hilo si tatizo, mila ya wenyeji nayo ina uzito, basi aambiwe mpaka wa kijiji na mashamba yake kimila ni upi.

Wakili wa mwekezaji akasimama. Akasema amesikia kuna desturi ya kuzungusha ng'ombe mpakani. Angependa kujua ng'ombe wa mwisho alipita wapi.

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa akiangalia picha za herufi nilizobandika ukutani. Wakili hakuzaliwa huku. Desturi hiyo aliambiwa na mtu, na katika chumba kile aliyeweza kumwambia alikuwa mmoja tu.

Imamu akaapishwa kwa msahafu. Ni mcha Mungu, hawezi kusema uongo. Akasema ng'ombe alipita mkwajuni. Alipita yeye nyuma yake, na wazee wote. Afisa akauliza kama kuna yeyote anayepinga. Wazee wakainamisha vichwa. Hawakuwa na la kupinga, maana miguu yao wenyewe ilipita pale.

Nikasimama mimi. Nikasema tangu nikiwa mtoto ng'ombe hupita shamba la mama mkubwa na kunywa maji kisimani, na aliyekuwa akiyateka ni huyu hapa, mheshimiwa. Kaka akatabasamu. Akamwambia afisa, kwa upole, kwamba dada yake ana moyo mwema, lakini wanawake hawafuati ng'ombe, kwa hiyo si shahidi wa njia. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kumwondolea mtu aibu. Nikaketi kwenye kile kiti kidogo. Kaka hakuwa amesema uongo. Hakuna siku yoyote katika jambo lile alipohitaji kusema uongo.

Ndipo mama mkubwa akasimama, polepole, akishika meza.

"Namuuliza imamu," akasema. "Yule ng'ombe alinyweshwa mayi wapi?"

Mnyama hachinjwi na kiu, hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Miaka yote alikunywa kaskazini, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiria kuweka maji mahali pengine. Walimzungusha juani, wakamchinja. Nikamwona imamu akijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Afisa akauliza kwa adabu kama swali hilo linahusu mpaka.

Halikuhusu. Akaandika mkwajuni.

Ng'ambo ya mkwaju ikawa ardhi isiyo na mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe hukodishwa. Uzio upo sasa. Hoteli haipo. Nchi za wageni ziliwaonya watu wao wasije huku, yule mwekezaji mpole akaenda kusubiri kwao, na shambani yupo bawabu mmoja anayelinda minazi inayojiangukia yenyewe. Wengine hapa wanachekelea. Mimi siwezi. Nikienda kuteka maji, wanawake hupunguza sauti, na siku moja nilimsikia mmoja akisema mchuma janga hula na wa kwao. Sikugeuka. Nilijaza ndoo yangu, na mabati ya mheshimiwa yalikuwa yananisubiri nyumbani.

Mama mkubwa bado anaishi nami. Hamtaji kaka. Wala hamlaani, nami nimesubiri sana amlaani ili tupumzike.

Juzi kaka alikuja. Uchaguzi unakaribia. Alikuja mchana, jua kali, kanzu imemganda mgongoni, akaingia bila wapambe wake. Akaketi kwenye kizingiti, kama zamani, akasema ana kiu. Nilikuwa nikikanda unga, mikono imejaa. Mama mkubwa akainuka kabla yangu. Akaenda penye mtungi, akateka kwa kata ile ile ya kifuu aliyohama nayo, akaja akampa kwa mkono wa kulia.

"Nywa, mwanangu," akasema. "Hata ng'ombe hunyweshwa."

Kaka alikuwa ameshaiinua kata. Ikasimama karibu na mdomo. Nilimwona akiyatazama maji. Kisha akanywa, kwa sababu maji ya mkono wa mama hayarudishwi. Alikunywa yote. Akanyosha mkono kumrudishia kata, lakini mama mkubwa alikuwa ameshaingia ndani, na kata ikabaki pale kati yetu mpaka nikaipokea mimi kwa mikono yangu ya unga.